Sauti Juu ya Picha: Filamu za Kishindo na Hukumu za Watazamaji wa Bukoba na Muleba

Miongoni mwa wapenzi wa Star Wars, mfululizo wa filamu ulioanzishwa na Mmarekani George Lucas mwaka 1977, limedumu dai kwamba katika Return of the Jedi, filamu ya tatu ya mfululizo huo iliyotoka mwaka 1983, Kihaya, lugha ya mkoa wa Kagera nchini Tanzania, kinazungumzwa angani. Mhusika anayetajwa ni Nien Nunb, kiumbe mwenye mashavu yaliyoning'inia na masikio makubwa, ambaye hukaa kando ya rubani Lando Calrissian na kusema kwa lugha ambayo mtazamaji hapewi tafsiri yake. Wengine wameongeza utamu kwa kudai kwamba maneno hayo yalirekodiwa kwa mvuvi wa Tanzania. Ukweli unaojulikana ni mwingine: sauti hiyo ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi nchini Marekani, na watazamaji wanaojua Kigikuyu waliitambua lugha yao mara moja na kucheka kwa furaha, kwa kuwa maneno yenyewe yalikuwa na maana ya kawaida kabisa isiyohusiana sana na vita vya nyota. Mhusika huyo aliporejeshwa katika The Force Awakens ya mwaka 2015, Rotich ndiye aliyeitwa tena kumpa sauti.

Hata hivyo, dai la Kihaya halikutokea mahali pasipo na Kihaya. Katika miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Southern California, jijini Los Angeles, kilikuwa mojawapo ya vituo vichache duniani ambako lugha hiyo ilichunguzwa kwa undani, na mwaka 1977, mwaka uleule wa Star Wars ya kwanza, Idara ya Isimu ya chuo hicho ilichapisha kitabu cha sarufi ya Kihaya kilichohaririwa na Ernest Rugwa Byarushengo, Alessandro Duranti na Larry Hyman. Ben Burtt, fundi aliyebuni sauti na lugha za viumbe wa Star Wars, alisomea filamu katika chuo hichohicho, na Lucas mwenyewe alikuwa amepita hapo katika miaka ya 1960. Ujirani huo unavutia, lakini ujirani si ushahidi. Kihaya, kama Kiganda na Kinyankole, huanza nomino zake kwa irabu, kwa mfano omuntu na abantu, jambo ambalo Kigikuyu hakina, na mzee yeyote wa Kamachumu au Nshamba, huko Muleba, angeweza kuumaliza ubishi huo kabla filamu haijafika katikati. Hakuulizwa. Kihaya kiliingia katika mazungumzo ya wapenzi wa filamu duniani bila Wahaya kuwamo.

Kwa sababu hiyo inafaa historia ya filamu iandikwe kutoka upande wa pili, yaani kueleza jinsi wakazi wa Bukoba na Muleba, wilaya zilizo kando ya magharibi ya Ziwa Viktoria katika mkoa wa Kagera, walivyozipokea na kuzihukumu filamu zilizotengenezwa mbali nao. Aina mbili za filamu ndizo zinazohusika hapa. Ya kwanza ni bunilizi ya kisayansi, ambayo ni hadithi ya kubuni inayosimama juu ya sayansi au mashine zisizokuwapo bado, kama vyombo vya kusafiria baina ya sayari, roboti wenye akili na silaha za miale. Ya pili ni filamu ya kishindo, nayo ni ile inayotengenezwa kwa fedha nyingi mno, ikatangazwa kwa nguvu na kufunguliwa katika kumbi nyingi kwa wakati mmoja ili irudishe gharama zake haraka, mtindo ambao kwa kawaida huhesabiwa kuanza na Jaws ya mwaka 1975 na kukomazwa na Star Wars miaka miwili baadaye. Tangu hapo aina hizo mbili zimekuwa zikikutana mara nyingi katika filamu moja.

Watazamaji wa Buhaya, yaani nchi ya Wahaya, hawakuanza kuhukumu hadithi siku walipoona mashine ya sinema. Mtafiti Peter Seitel, aliyekusanya ngano za Kihaya na kuzichapisha katika kitabu cha mwaka 1980, alieleza kwamba msimulizi wa jadi haanzi ngano mpaka apewe ruhusa na wasikilizaji, ambao humtaka aone ili nao waone. Yeye ndiye jicho lao, na wao humwitikia, humhimiza na humrudisha kwenye mstari anapokwenda kombo. Sambamba na ngano zilikuwapo tendi za enanga, ambazo huimbwa na mtribaji anayepiga ala ya nyuzi yenye jina hilohilo, na ambazo Profesa Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizifanyia utafiti wa muda mrefu. Ndani ya sanaa hizo, na ndani ya simulizi za Wachwezi zilizoenea kutoka Bunyoro hadi Karagwe na Ihangiro, ambayo leo ni sehemu ya Muleba, watawala hutoweka ardhini, hutembelea nchi ya chini na hutumia nguvu zisizo za kibinadamu. Mtu aliyekulia katika sanaa hiyo hakuhitaji kufundishwa kwamba jambo lisilowezekana linaweza kusimuliwa kwa makini na kusikilizwa kwa makini.

Serikali ya kikoloni iliamini kinyume chake. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, uliendeshwa Mradi wa Sinema ya Elimu kwa Wabantu, uliosimamiwa na Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham kwa msaada wa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Mradi huo ulitengeneza filamu fupi kuhusu kodi, kilimo, akiba ya posta na magonjwa, kisha ukazitembeza kwa lori katika Tanganyika na makoloni ya jirani, huku maelezo yakitolewa kwa Kiswahili, Kisukuma, Kiganda na lugha nyinginezo kwa njia ya santuri au kwa mkalimani aliyeshika kipaza sauti. Baadaye Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kilichoundwa London mwaka 1939, kilifuata nadharia ya William Sellers kwamba Mwafrika asiyejua kusoma hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka, sura zinazokuzwa mpaka zijaze pazia, wala ujanja wa kamera. Hadithi ya watazamaji walioonyeshwa mbu mkubwa na kujibu kwamba kwao mbu wa ukubwa huo hawapo ilirudiwa na maofisa mpaka ikawa kama sheria ya kisayansi. Pengine waliotoa jibu hilo walikuwa wakifanya mzaha, jambo ambalo maofisa hawakulifikiria.

Matokeo ya nadharia hiyo yalikuwa kwamba bunilizi ya kisayansi, ambayo uhai wake wote ni ujanja wa kamera, iliondolewa katika sinema za serikali tangu mwanzo, kwa maelezo kwamba haitaeleweka. Yaliyobaki ni mafunzo. Hata pale Tanganyika ilipoanza kupata filamu za hadithi kwa Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 1950, kama Muhogo Mchungu, ambamo mhusika mkuu aliigizwa na Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, hadithi zenyewe zilihusu mtu wa shamba anayedanganywa mjini na kurudi na funzo. Jambo moja katika maonyesho hayo ya lori lilidumu zaidi kuliko mafunzo yake, nalo ni mtu mwenye kipaza sauti aliyesimama kati ya picha na watu. Serikali ilimweka pale kwa sababu haikuwaamini watazamaji, lakini watazamaji walimpokea kama mtu waliyemzoea, kwa sababu kazi yake ilifanana na ile ya msimulizi wa ngano aliyeona kwa niaba yao.

Mwaka 1966 unastahili kutajwa peke yake. Mwaka huo Stan Lee na Jack Kirby walitoa New York toleo la Julai la katuni lililomleta Black Panther, mfalme wa nchi ya Kiafrika ya kubuni iitwayo Wakanda, na tarehe 8 Septemba televisheni ya Marekani ilianza kurusha Star Trek, tamthilia ya chombo cha angani ambamo afisa wa mawasiliano, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, aliitwa Uhura, jina lililotokana na neno la Kiswahili uhuru. Kwa hiyo, miaka mitano baada ya uhuru wa Tanganyika, Afrika Mashariki ilikuwa imeingia katika bunilizi ya kisayansi ya Marekani kwa majina na kwa ndoto, wakati Tanzania Bara haikuwa na televisheni ya kuionyesha. Zanzibar ilipata televisheni yake mwaka 1973. Bara ilisubiri mpaka mwaka 1994, kwa uamuzi wa serikali uliohesabu televisheni kuwa anasa isiyolingana na hali ya nchi. Filamu za kigeni ziliagizwa na kusambazwa chini ya uangalizi wa Shirika la Filamu Tanzania, lililoundwa mwaka 1968, na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ilitaka kila onyesho liwe na kibali. Katika mazingira hayo filamu za Kihindi, za karate na za Kimarekani zilifika mijini kwa kuchelewa, na tamthilia za mfululizo hazikufika kabisa.

Mwaka ambao Star Wars ilifunguliwa Marekani, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mwaka uliofuata, Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, daraja la Kyaka lililipuliwa, na ndege za Uganda zilidondosha mabomu Bukoba na kuwafanya wakazi wakimbie mji. Inawezekana kuliona tukio hilo kuwa liko mbali na historia ya sinema, lakini halipo mbali. Kizazi kilichokuja kujaa katika mabanda ya video miaka michache baadaye kilikuwa na kipimo chake cha milipuko, na filamu ya Rise and Fall of Idi Amin, iliyotengenezwa na Sharad Patel wa Kenya na kutolewa mwaka 1981, ilizungumza juu ya mtu ambaye ndege zake watu wa Bukoba walizisikia kwa masikio yao. Mtazamaji wa namna hiyo, anapoiona sayari nzima ikilipuliwa kwa mwali mmoja, ana haki ya kuuliza kwa nini hakuna anayefagia vifusi.

Banda la video, ambalo katika miji ya Tanzania limepewa jina la kibanda umiza, ni chumba cha mabati, matete au matofali mabichi chenye mabenchi, televisheni na deki, yaani mashine ya kuchezea kanda za VHS na baadaye diski. Lilikua baada ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, na katika Kagera lilitegemea mambo mawili ambayo waandishi wa historia ya sinema ya Dar es Salaam hawana haja ya kuyataja. La kwanza ni umeme, ambao kwa miaka mingi Bukoba ilipata kutoka Uganda kwa njia inayopita Masaka, kwa hiyo mitambo ya Mto Naili pale Jinja ndiyo iliyowasha televisheni nyingi za mjini. Visiwani, kama Bumbire na Goziba katika wilaya ya Muleba, kazi hiyo ilifanywa na jenereta. La pili ni fedha, zilizoingia kwa misimu ya kahawa na kwa uvuvi. Kambi ya wavuvi ni mahali penye vijana wengi na fedha taslimu, na siku za mwezi mpevu, ambapo uvuvi wa dagaa kwa taa husimama kwa kuwa dagaa hawavutwi na taa penye mbalamwezi, vijana hao huwa hawana kazi usiku. Mwenye banda kisiwani alikuwa na kalenda yake, nayo haikufuata siku za filamu kutoka Hollywood.

Ndani ya banda hilo alirudi mtu wa kipaza sauti. Nchini Uganda, tangu mwishoni mwa karne ya 20, wasimulizi wanaoitwa vijei walizungumza kwa Kiganda juu ya filamu za Kiingereza, Kihindi na Kichina, kwanza wakiwa wamekaa ukumbini, kisha kwa kurekodi sauti zao kwenye kanda zilizouzwa; Dar es Salaam kazi hiyo ilipata jina kubwa kupitia Derrick Mukandala, maarufu kama Lufufu, ambaye aliigeuza kwa Kiswahili hata filamu ya kutisha ya Kinigeria, Karishika. Waliofuata, kama DJ Mack na DJ Murphy, waliifanya tafsiri kuwa bidhaa inayojitegemea, kwa maana kwamba mnunuzi huuliza nani ametafsiri kabla ya kuuliza nani ameigiza. Kazi hiyo haiishii katika kutafsiri. Msimulizi hutoa sauti za wahusika wote, huwapa majina mapya, huziba mapengo ya hadithi, huwasema wahusika wanaofanya ujinga na kuingiza mitaa, methali na bei za sokoni. Mmoja wao alilinganisha kazi hiyo na kuugeuza wali kuwa pilau. Kagera imekaa kati ya shule hizo mbili, kwa kuwa Kiganda na Kihaya ni lugha ndugu na mpaka wa Uganda pale Mutukula hauko mbali, hasa kwa watu wa upande wa Kiziba, kaskazini mwa Bukoba.

Bunilizi ya kisayansi ilimpa msimulizi huyo kazi ngumu kuliko filamu nyingine yoyote, na hapo ndipo ufundi wake unapoonekana vizuri zaidi. Katika filamu ya vita au ya karate picha inajieleza, na mzungumzaji anaweza kupamba tu. Lakini The Terminator ya mwaka 1984 inasimama juu ya wazo kwamba mashine imetumwa kutoka wakati ujao kumuua mama wa mtu ambaye hajazaliwa, na wazo hilo limo katika mazungumzo, si katika picha. Msimulizi asiyelieleza kwa sentensi mbili mwanzoni atakuwa na ukumbi unaotazama mtu mwenye miwani akipiga risasi bila sababu. Wasimulizi wengi walilitatua tatizo hilo kwa kuacha sayansi na kushika ukoo: nani ni mtoto wa nani, nani anadaiwa kisasi na nani, nani ameahidiwa nini. Wapo wanaoona kwamba kufanya hivyo ni kuipunguza filamu. Hukumu hiyo ni kali mno, kwa sababu Star Wars yenyewe, ukiondoa vyombo vyake vya angani, ni hadithi ya mtoto asiyejua baba yake ni nani, na msimulizi aliyeishika hapo aliishika kwenye uti wa mgongo.

Hukumu za watazamaji nazo zilikuwa na istilahi zake. Neno stelingi, lililozoeleka katika Kiswahili cha mabandani kwa maana ya mhusika mkuu, lilibeba kanuni kwamba stelingi hafi, na filamu iliyoivunja kanuni hiyo ilipaswa kuwa na sababu nzuri. Mwigizaji alijulikana kuliko mhusika, hivi kwamba filamu zote za Arnold Schwarzenegger zilihesabiwa kuwa maisha ya mtu mmoja, leo komando, kesho mashine, na Rambo, mhusika wa Sylvester Stallone, alitoka kabisa katika filamu na kuwa jina la mfuko wa plastiki mpaka mifuko hiyo ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Mtaalamu wa filamu anaweza kuiona tabia hiyo kuwa ni kuchanganya mambo. Lakini ndiyo kanuni ambayo viwanda vya Hollywood vyenyewe vimeiuza kwa karne nzima, kwamba mtu hununua tiketi kwa ajili ya uso anaoujua.

Hakuna filamu ya kishindo iliyopimwa kwa kipimo kizito zaidi katika mkoa huo kuliko Titanic, iliyotolewa Desemba 1997. Mwaka mmoja na nusu kabla yake, tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba iliyotoka Bukoba na kupitia Kemondo ilipinduka karibu na Mwanza ikiwa na watu wengi kuliko takriban 430 iliyoruhusiwa kubeba, na mamia walikufa; ilielea kwa muda ikiwa imepinduka, na ilipotobolewa ili kuwaokoa waliokuwa wakigonga kutoka ndani, hewa ilitoka na meli ikazama. Taifa liliomboleza kwa siku tatu. Filamu ya James Cameron ilipofika kwa kanda, ikazaa nchini kitabu cha katuni kwa Kiswahili na mahubiri ya makanisani, ilifika katika mkoa ambamo familia nyingi zilikuwa na mtu wa kumlilia. Kwa mtazamaji wa Kemondo au Muleba, mapenzi ya Jack na Rose hayakuweza kuwa kiini cha hadithi. Kiini kilikuwa katika maswali ambayo filamu iliyapitia kwa haraka: nani aliruhusu meli iondoke, boti za kuokolea zilikuwa ngapi, na kwa nini waliokuwa madaraja ya chini ndio waliofungiwa. Katika hilo watazamaji wa Kagera walikuwa wakosoaji makini kuliko wengi waliolipia viti vya starehe London na Chicago, kwa kuwa walijua meli hupindukaje.

Bunilizi ya kisayansi ya televisheni ilichelewa kwa sababu ya kiuchumi. Banda huuza onyesho moja lenye mwanzo na mwisho, na mteja aliyekuja leo huenda asirudi kesho. Tamthilia yenye vipindi 20 inayomtaka akumbuke kila kitu haiuziki mlangoni. Ilibidi zije diski zinazobeba vipindi vingi kwa pamoja, kisha kompyuta za vijiweni zinazojaza flashi, ndipo neno sizoni, yaani tamthilia ya mfululizo, lilipoingia katika mazungumzo ya kila siku, kwanza kwa tamthilia za uhalifu kama Prison Break ya mwaka 2005, baadaye kwa zile za mazimwi na anga. Wakati huohuo king'amuzi kilizileta mabandani mechi za ligi ya Uingereza, ambazo ziliuza zaidi, na filamu ikasogezwa kwenye simu na sebuleni. Kutazama kwa pamoja kulibaki kwa mpira. Kutazama filamu kukawa shughuli ya mtu na familia yake, na sauti ya msimulizi ndiyo pekee iliyobaki kumkumbusha kwamba zamani ukumbi mzima ulikuwa ukijibu.

Upande wa utengenezaji, jirani walitangulia. Mwaka 2009, ambao Cameron alitoa Avatar iliyogharimu mamia ya mamilioni ya dola, Wanuri Kahiu wa Kenya alitoa Pumzi, filamu fupi kuhusu Afrika Mashariki isiyo na maji baada ya vita; na mwaka 2010 Isaac Nabwana, katika kitongoji cha Wakaliga jijini Kampala, alitoa Who Killed Captain Alex?, ambayo inasimuliwa kuwa iligharimu chini ya dola 200 na ambayo toleo lililoenea duniani lina sauti ya VJ Emmie juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Watazamaji wa Ulaya na Marekani waliichukua sauti hiyo kama kichekesho kipya. Kwa aliyekaa kwenye benchi la banda ilikuwa namna ya kawaida ya filamu kuwa filamu. Katika fasihi andishi Kiswahili hakikuwa nyuma pia: Shaaban Robert alijenga nchi inayoelea angani katika Kusadikika mwaka 1951, na Katama Mkangi alimpeleka mhusika wake kwenye sayari nyingine katika Walenisi mwaka 1995.

Black Panther ya Ryan Coogler ilipotoka Februari 2018 na kuingiza zaidi ya dola bilioni 1.3, mji wa Kisumu, uliopo upande wa pili wa ziwa hilohilo, ulipata onyesho la uzinduzi, kwa kuwa Lupita Nyong'o, mmoja wa waigizaji wa filamu hiyo, ni binti wa gavana wa Kisumu. Wakanda ya filamu hiyo ni taifa lililojificha ambalo utajiri wake ni metali iitwayo vibranium na ujuzi wa kuifua, na ulimwengu mzima ulisifu ubunifu wa kufikiria Afrika yenye teknolojia ya metali iliyowatangulia Wazungu. Katika Buhaya sifa hizo zilistahili kupokelewa kwa tabasamu. Mnamo Septemba 1978 mwanaakiolojia Peter Schmidt na mhandisi Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo ya utafiti uliofanywa katika eneo la Bukoba, wakieleza kwamba zaidi ya miaka 1,500 iliyopita mafundi wa huko walikuwa wakitengeneza chuma chenye kaboni, yaani feleji, kwa tanuri ambazo mirija yake ya udongo iliingizwa ndani kabisa ili hewa ya mivukuto ipate joto kabla ya kufika kwenye moto. Kabla ya hapo, mwaka 1976, wazee waliokuwa wamefanya kazi hiyo ujanani walijenga tanuri upya mbele ya watafiti, wakachimba shimo, wakalijaza nyasi za bwawani zilizochomwa ili zitoe kaboni, wakavukuta na kupata chuma. Wataalamu wengine wamepinga maelezo ya hewa iliyopashwa joto kwanza, na ubishi huo haujakwisha, lakini tanuri zenyewe zilichimbuliwa, zikiwemo zile za Katuruka na Kemondo.

Kazi ya wazee hao ilipigwa picha, na filamu ya hali halisi iitwayo The Tree of Iron ilitolewa Marekani mwaka 1988. Haikupata mabango wala vinyago vya kuuzwa madukani, na ilizunguka zaidi katika vyuo vikuu. Inafaa kusemwa wazi kwamba, kwa kipimo cha msimulizi wa jadi anayeona ili wengine waone, filamu hiyo ndogo ina hadithi kubwa kuliko Wakanda, kwa kuwa ina mafundi waliosahau hatua fulani, wakabishana, wakakumbuka, na wakafanikiwa mbele ya macho ya watu, ilhali vibranium ilianguka kutoka angani bila jasho la mtu. Ukosoaji huo hauipunguzii Black Panther uzuri wake. Unaonyesha tu kwamba watu wa Kagera wanayo mizani ya kuipimia, na kwamba mizani hiyo haikuagizwa kutoka nje.

Kinachokosekana ni kumbukumbu. Sauti za wasimulizi, ambazo ndizo maandishi ya historia hii, zimo katika kanda za VHS na diski za kunakiliwa ambazo hazikuwekwa katika maktaba yoyote kwa sababu zilihesabiwa kuwa mali isiyo halali na isiyo na thamani, na waliokuwa wenye mabanda katika Kashai, Kamachumu na kambi za visiwani wanazeeka. Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na utepe wa kanda hauvumilii unyevunyevu. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo imehifadhi tendi na ngano za maeneo mengi, ingefanya vyema kuzikusanya sauti hizo pia, na aliye na sanduku la kanda za zamani stoo anaombwa asilitupe kabla hajaulizwa.